Kanali Popi na Kamba ya Taifa

Nchi yetu haina matatizo. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa, kwa sababu wapo wasomaji wenye tabia mbaya ya kusoma habari za nchi ya watu huku wakiyatafuta matatizo, na wasipoyaona hununa. Mimi ni mtangazaji wa redio ya taifa, Idara ya Habari Njema. Idara ya Habari Nyingine ilifungwa zamani kwa kukosa kazi. Kwa hiyo nikisema hatukuwa na matatizo, najua ninachokisema. Tulikuwa na mbwa tu.

Lakini kabla ya mbwa, nieleze desturi zetu mbili, maana mgeni asiyezijua atatuona vichaa.

Ya kwanza ni kwamba hakuna kiumbe anayemtangulia Mtukufu Rais. Nchi za watu, pikipiki za msafara hutangulia kusafisha njia. Kwetu zinafuata nyuma, kwa heshima. Basi Mtukufu hukwama kwenye foleni kama mimi na wewe, anatoka jasho humo garini hadi foleni ijiishie yenyewe, na akishapita tu, pikipiki zinafika kwa ving'ora na kumfukuza kila mtu. Nyuma yake barabara huwa nyeupe pe. Mfungua mlango wa Ikulu naye husimama nyuma ya Mtukufu na kuusukuma mlango kwa upondo mrefu uliopitishwa juu ya bega la kiongozi. Aliyekuwepo kabla yake alishika kitasa kwa mkono, na sasa hatujui yuko wapi.

Desturi ya pili ni makofi. Mtukufu akipiga hatua, makofi. Akikohoa, makofi. Akikaa, makofi, na akisimama kutazama kilichomchoma pale alipokaa, makofi tena. Ikulu kuna Kikosi cha Makofi ambacho kila asubuhi hupakwa mafuta ya nazi viganjani, lakini sisi raia tunajipigia wenyewe bila mafuta. Mikono yetu ina sugu ambazo kwingine huletwa na jembe.

Sasa mbwa.

*

Mbwa alikuwa zawadi kutoka nchi rafiki. Sisi tuliwapa mlima wetu wenye shaba, wao wakatupa mbwa, na wataalamu wetu wa biashara walisema tumewapiga bao, kwa kuwa mlima haubweki. Alikuwa dume kubwa jeusi lenye kifua cha ndama. Mtukufu akampa jina la Popi, kwa sababu ndilo jina la mbwa alilokuwa akilijua. Na kwa kuwa haifai mkono wa Amiri Jeshi kushika kamba ya raia, Popi akapewa ukanali siku hiyohiyo. Makapteni waliolitumikia jeshi hadi mvi zikawatoka walimpigia saluti, naye akawanusa.

Gwaride lake la kwanza nililitangaza mimi. Mtukufu alishuka kwenye zulia jekundu, kamba mkononi, uso umejaa ubaba. Nyuma ya jukwaa kuu kulikuwa na mama mmoja anachoma mishkaki. Upepo ukageuka.

Wasikilizaji wangu mtakumbuka nilivyosema. Nilisema, "Mtukufu Rais, ndugu wananchi, ameamua kuharakisha maendeleo! Anapita wizara ya fedha! Anaruka kiti cha balozi! Sasa Mtukufu amelala kifudifudi, ishara ya unyenyekevu, na bado anasonga mbele!"

Uwanja mzima ulipiga makofi. Tungefanyaje? Mtukufu alikuwa anatembea, ingawa kwa tumbo. Yule mama wa mishkaki, alipoona dola linamjia likiserereka, alipatwa na hofu akamwaga sinia zima mbele ya mbwa. Kanali Popi hakuwa mjinga. Siku ile alijifunza jambo ambalo mawaziri wetu walichukua miaka kulijua: ukivuta kwa nguvu, watu wanashangilia na nyama inakuja.

Kuanzia hapo hakutembea tena bila kuvuta. Alimvuta Mtukufu kwenye mazishi, akamfikisha kaburini kabla ya marehemu. Alimvuta kwenye ufunguzi wa daraja, upande ambao daraja lilikuwa halijafika. Na kila alipovuta, tulishangilia.

*

Ndipo Chande Kibwana akafanya kosa lake.

Chande alikuwa mhariri wa gazeti dogo, mtu mpole, mwoga hata wa kuku. Alichapisha picha ya gwaride na chini yake akaandika: "Mtukufu Rais na mbwa wake wakitembea." Basi. Hakuongeza hata nukta ya utani. Lakini picha ilionyesha mbwa mbele, kamba imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na Mtukufu nyuma, miguu yote miwili hewani.

Waziri wa Mwendo na Heshima, Mheshimiwa Kitwana Lufunyo, alijitokeza redioni kulirekebisha jambo hilo. Waziri huyu ana sauti nzito sana, ambayo huitumia hata kuomba chumvi.

"Ndugu wananchi," alisema, "mbwa hakuvuta. Mbwa alikaribishwa kutangulia. Na kwa kuwa hakuna kiumbe anayemtangulia Mtukufu, basi mbwa hakutangulia. Kamba ile iliyonyooka ni kamba ya taifa, na imenyooka kwa uzalendo. Anayeona vinginevyo, macho yake yanahitaji kupumzishwa."

Jioni hiyo Chande akapelekwa kupumzika. Nyumba ya Mapumziko ya Ukuta Mrefu ina vyumba vingi visivyo na madirisha, ili mwanga usimsumbue mpumzikaji.

Serikali nayo haikulala. Kwanza mawaziri waliamriwa kushika pindo la koti la Mtukufu ili wawe uzito wa nyuma. Kwa kuwa hakuna waziri aliyetaka kuonekana ameachwa, foleni ilirefuka hadi makatibu wakuu, wakuu wa mikoa, na mwenyekiti wa bodi ya korosho. Kanali Popi aliwavuta wote. Mtu akitazama kutoka mbali angedhani serikali nzima inatolewa kisimani. Halafu ikapendekezwa mbwa ashtakiwe, lakini mahakama ya jeshi ilikuwa na hakimu mwenye cheo cha meja, na meja hamhukumu kanali.

Wakati huohuo watumishi wa umma waliona ni utovu wa nidhamu kutembea wima ilhali kiongozi anaburutwa. Kila ofisa akatafuta mbwa. Mbwa wakaadimika. Mkuu wetu wa wilaya alikosa kabisa, akafunga safari za kikazi akivutwa na beberu, na akasifiwa kwa ubunifu. Mimi mwenyewe nilikodi kondoo, lakini hakuvuta. Alinifuata tu kila mahali kwa upendo, nikapewa onyo kali.

*

Dada yake Chande ni daktari wa mifugo. Anaitwa Zamoyoni, na wakati huo alikuwa anachanja mbuzi huko bara ambako redio yangu inashika kwa shida, na labda ndiyo sababu alikuwa bado anasema anachofikiri. Aliposikia mdogo wake amepumzishwa, aliacha mbuzi foleni, akaja mjini na buti zake zenye tope hadi kwa Waziri Lufunyo. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuchukua habari njema za wiki.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Anapumzika, Daktari."

"Kachoka na nini?"

Waziri akakohoa kwa sauti yake nzito. Akaeleza kwamba kuchoka kwa Chande kuna uhusiano na mbwa, na kwamba Daktari, kwa taaluma yake, anaweza kusaidia. "Siku ya Taifa Kanali Popi akitembea kwa adabu, kamba imelegea, mdogo wako atakuwa amepumzika vya kutosha. Akivuta, tutaona kwamba uchovu huu ni wa ukoo, na wewe utakwenda kupumzika naye."

Zamoyoni aling'ata midomo. "Nionyesheni huyo mbwa," akasema.

Walimruhusu amwone Chande kwanza, akiwa na mlinzi katikati yao. Alinisimulia baadaye, na wakati anasimulia alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alimuuliza mdogo wake kama anakula. Chande alimtazama mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa kukubali, ndipo Chande akasema, "Nakula, dada." Akamuuliza kama analala. Akamtazama mlinzi tena. Alipomkumbatia wakati wa kuagana, Chande alibaki ameinua mikono nusunusu, akisubiri kuambiwa kama inaruhusiwa.

*

Somo la kwanza lilifanyika katika bustani ya Ikulu. Mtukufu alishika kamba. Kanali Popi akaona njiwa, akavuta. Kikosi cha Makofi, kilichojipanga pembeni mwa maua, kikalipuka kwa shangwe, na mpishi, kama ilivyokuwa kawaida, akaja mbio na paja la kuku.

"Ngoja, ngoja!" Zamoyoni akapaza sauti. "Nani kawaambia mpige makofi?"

Kiongozi wa kikosi alishangaa. "Mtukufu ametembea, Daktari."

"Kavutwa!"

"Sisi hatuangalii hayo. Sisi tunasikia viatu tu, tunapiga."

"Na hilo paja?"

"La Kanali," mpishi akajibu. "Kwa kazi nzuri."

Zamoyoni akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, mbwa wenu hana kosa hata moja. Mnamwajiri avute, mnamlipa, halafu mnaniita mimi nimfukuze kazi. Mkono mtupu haulambwi. Huu wenu una paja la kuku na shangwe juu yake. Dawa ni hii: kamba ikikaza, anayeishika anasimama, na kila mtu ananyamaza. Hakuna kofi, hakuna nyama. Kamba ikilegea, makofi, na kipande cha ini. Basi."

Waziri akakubali kila kitu hadi aliposikia neno "anasimama."

"Nani anasimama?"

"Anayeshika kamba."

"Anayeshika kamba ni Mtukufu."

"Ndiyo huyohuyo."

Kijasho chembamba kikamtoka Mheshimiwa. Katika nchi yetu hakuna aliyewahi kumwambia Mtukufu asimame. Katiba haina utaratibu huo. Ilibidi wanasheria waitwe pale bustanini, na baada ya mabishano yaliyochukua hadi chakula cha mchana, ikapatikana lugha inayofaa. Waziri akamsogelea kiongozi wake, akainama, akasema, "Mtukufu, unaombwa uendelee kusimama."

"Lakini ninatembea," Mtukufu akasema, akipita kwa kasi nyuma ya mbwa.

"Ndiyo, Mtukufu. Uendelee kusimama kuanzia sasa."

Mtukufu akasimama. Kamba ikakaza. Kikosi cha Makofi kikanyamaza, na nawaambia haikuwa rahisi. Mzee mmoja aliyekuwemo tangu uhuru ilibidi ashikwe mikono na wenzake, machozi yanamtoka. Bustani ikawa kimya kama maji mtungini.

Mtukufu akaanza kugeuka huku na huku. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka akakuta nyumba imehama. "Mbona kimya? Nani amekufa?"

"Hakuna, Mtukufu," Zamoyoni akamjibu. "Tunamsubiri mbwa."

"Na hii sauti? Hii inayosema guu, guu?"

"Ni njiwa, Mtukufu."

"Wako hapa siku zote?"

"Siku zote."

Nilimwonea huruma, sitaki kuficha. Alisikiliza wale njiwa huku mdomo uko wazi. Kanali Popi alivuta, akavuta tena, akageuka kuona shangwe imekwama wapi. Alipogeuka, kamba ikalegea. "Sasa!" Zamoyoni akasema. Makofi yakalipuka, ini likatolewa, na Mtukufu akacheka peke yake.

*

Mbwa wanaelewa upesi. Haukupita muda Kanali Popi akawa anatembea ubavuni mwa bwana wake, mtulivu, akimtazama usoni. Tatizo likawa kwamba kamba bado ilikuwa inakaza, na wataalamu walipochunguza wakagundua kuwa sasa anayevuta ni Mtukufu.

Alizoea kutangulia, maskini. Akiona jiwe la msingi popote, anaondoka mkuku, mkono wa kamba umebaki nyuma. Kanali Popi, akihisi shingo imekaza, alifanya alivyofunzwa: alisimama, kisha akakaa chini. Mtukufu akavuta. Mbwa akawa nguzo.

"Mwambie asogee," Mtukufu akamwamuru Zamoyoni.

"Hatasogea kamba ikiwa imekaza, Mtukufu. Ndivyo tulivyomfunza."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Rudi nyuma kidogo."

Waziri Lufunyo alifumba macho, akisubiri radi. Lakini Mtukufu alirudi nyuma kidogo. Kamba ikalegea. Kikosi, ambacho kilishafundishwa kutazama kamba na si viatu, kikapiga makofi ya nguvu sana, kwa kuwa kilikuwa na njaa ya kupiga. Mbwa akainuka. Mtukufu alikuwa ameona haya hadi masikioni, lakini niliona pia kwamba yale makofi yalikuwa yamemwingia.

Likabaki taifa. Zamoyoni alimweleza Waziri kwamba uwanja ukishangilia kamba ikiwa imekaza, kazi yote imekwenda na maji. Hivyo ikatoka amri ya Mazoezi ya Kamba nchi nzima, na heshima ya kuyaongoza nikapewa mimi. Kila siku, mchana wakati wa chakula, nilikuwa nasema redioni, "Kamba imekaza!" na nchi yote inanyamaza pale ilipo. Wauguzi wakiwa na sindano juu, mahakimu katikati ya kifungo, mnadi wa ng'ombe mdomo wazi. Halafu nasema, "Kamba imelegea!" na makofi yanavuma kutoka mpaka hadi mpaka. Waziri alisisitiza katika hotuba zake: "Mwananchi, usipige makofi ovyo! Tazama kwanza! Kofi bila kutazama ni adui wa taifa!" Tangu tupate uhuru hatukuwahi kuambiwa tutazame.

Watu wetu wakiambiwa jambo hulipenda kupita kiasi, mchezea mbwa humfuata msikitini. Kina mama wa sokoni wakaanza kulitumia kwa mgambo. Mgambo akija na rungu lake kumwaga nyanya za watu, soko zima linanyamaza na kumtazama. Anapiga kelele, wanamtazama. Akishangaa na kurudi hatua nyuma, wanampigia makofi na mmoja anampa ndizi. Wiki haikuisha, mgambo wa soko letu wakawa wanatembea pembeni taratibu, wakiwatazama kina mama usoni. Nililitangaza hilo kama habari njema. Wakubwa wangu hawakuona ubaya.

*

Siku ya Taifa ikafika na uwanja ukafurika. Mimi nilikuwa na kipaza sauti changu chini ya jukwaa, na pembeni yangu Zamoyoni, amevaa gauni la kuazima na buti zilezile.

Mtukufu akaingia. Kanali Popi ubavuni, kamba imening'inia kati yao mfano wa kamba ya kuanikia nguo isiyo na nguo. "Kamba imelegea!" nikatangaza, na uwanja ukapiga makofi mpaka njia ya zulia yote ikaisha. Hata moshi wa mishkaki ulipopita puani mwake, Kanali alimeza mate tu akaendelea. Zamoyoni aliushika mkono wangu akaubana hadi ukauma.

"Mheshimiwa," akamwita Waziri aliyekuwa anapita, "mbwa ametembea. Naomba mdogo wangu."

"Baada ya hotuba, Daktari, baada ya hotuba. Mambo yanakwenda kwa utaratibu."

Mtukufu akapanda jukwaani, kamba bado mkononi, mbwa amekaa kando yake. Alikuwa na furaha kubwa, na furaha ya wakubwa ni jambo la kuogopwa. Alisema nchi imejifunza nidhamu. Alisema nidhamu hii ameileta yeye, na si haki kuiacha njiani. Kwa hiyo, ingawa muda wake wa urais ulikuwa umekwisha, ataendelea maadamu ana pumzi, na baada ya pumzi zitafanyika taratibu nyingine. "Na wale ndugu zetu walioko Ukuta Mrefu," akasema, "nimeambiwa mapumziko yamewafaa sana. Basi tuwaache huko huko. Wapumzike moja kwa moja!"

Zamoyoni aliniachia mkono.

Kule juu Mtukufu alikuwa ameinama kuifuata maiki, kifua mbele, mkono wa kamba umebaki nyuma. Mbwa hakuwa ameondoka alipokaa. Mimi ni mtumishi mtiifu. Nilikuwa nimeajiriwa kusema kamba ikoje, nikaitazama, nikasema kilichokuwepo.

"Kamba imekaza."

Uwanja ukanyamaza. Na kwa kuwa redio ilikuwa hewani, nchi nzima ikanyamaza nao. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Nilisikia bendera ikipigwa na upepo.

Mtukufu alingoja makofi yake. Hayakuja. "Nimesema wapumzike moja kwa moja!" akarudia, akajivuta mbele zaidi. Watu wakamtazama. Si kwa chuki, nawaapia. Walimtazama kama tulivyoelekezwa. Waziri Lufunyo aliinua mikono kuanza makofi, akaona uwanja mzima umemgeukia yeye, akaishusha akaifutia suruali.

"Pigeni makofi!" Mtukufu akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Jamani?"

Akarudi nyuma kidogo.

"Kamba imelegea," nikasema.

Makofi yale yalitikisa mabati ya uwanja. Uso wa Mtukufu ukang'aa. Akasogea mbele kuyapokea, yakakatika. Akarudi nyuma, yakarudi. Nilimwona anafikiri, na nadhani alifikiri kwa dhati, kwa sababu mtu aliyelelewa na makofi hawezi kukaa bila makofi. Akarudi nyuma tena. Akafika ngazi, akazishuka kinyumenyume, na umati ulisimama vitini kumshangilia, kina mama wanapiga vigelegele, kofia zinaruka. Kanali Popi alishuka naye, ubavuni, kwa adabu ambayo hata nchi iliyomzaa ingejivunia.

Alivuka uwanja kinyumenyume. Akatoka getini. Pikipiki za msafara hazikujua zikae wapi, maana nyuma yake sasa ndiko alikokuwa akienda, zikazima injini. Watu walijipanga pande zote za barabara, na mimi nilifuata nikitangaza, kamba imelegea, kamba imelegea, hadi uwanja wa ndege. Pale chini ya ngazi ya ndege Kanali Popi alikaa akakataa kupanda. Kamba ikakaza. Tukanyamaza. Mtukufu alitutazama, akaitazama kamba, akafungua vidole akaiachia. Hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kama yale. Alipanda ngazi kinyumenyume akitupungia mkono, anatabasamu, hadi mlango ukafungwa.

Waziri Lufunyo alikuwa wa kwanza kuikimbilia kamba. Akaiokota, akanyoosha tai, akatugeukia na kufungua kinywa. Tukamtazama. Akafumba. Akaiweka chini taratibu, akasema kuna kikao anachelewa.

*

Zamoyoni hakungoja kuona hayo. Alikuwa ameshaondoka mbio kwenda Ukuta Mrefu, na umati uliposikia anakokwenda ukamfuata, nami nikaufuata umati.

Walinzi walikuwa wamesikia redio. Tulisimama mbele ya geti tukanyamaza. Mlinzi mkuu aliushika ufunguo, akatutazama, akarudi nyuma, tukampigia makofi. Akarudi tena, tukampigia tena, na mwisho akafungua. Wapumzikaji wakaanza kutoka mmojammoja, wakikinga macho kwa viganja.

Chande alitokea wa mwisho. Alikuwa amekonda, shati linamwelea. Umati ulipomwona, ukijua ni nani na alifungiwa nini, ukampigia makofi kuliko wote.

Chande akarudi nyuma.

Walikuwa na redio mle ndani, unajua. Walisikia mazoezi kila mchana. Makofi yalipozidi, naye alizidi kurudi, akitabasamu kwa woga, hadi mgongo wake ukagusa mlango wa chumba chake.

"Nyamazeni!" Zamoyoni akatulilia. "Jamani, nyamazeni, mnamrudisha!"

Tukanyamaza. Chande akasimama papo hapo, hakutikisika hata kidogo, kwa sababu kimya pia alikuwa amefunzwa maana yake.

Zamoyoni akaingia mwenyewe. Akamshika mkono. Chande alitazama pembeni kumtafuta mlinzi, na mlinzi hakuwepo.

"Twende nyumbani, mdogo wangu."

"Nani karuhusu, dada?"

"Hakuna aliyeruhusu. Twende."

Walikuja polepole kwenye ule ua mrefu, bega kwa bega. Yeye hakumvuta, na Chande hakuvuta. Watu wote walinigeukia niwaambie wafanye nini. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, nchi inasikiliza, na mimi sikujua niseme imekaza au imelegea, kwa kuwa hapakuwa na kamba.